Uzi: Filamu za zamani kuhusu ndoa, zile zinazoanzia pale harusi inapoishia

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Filamu nyingi za mapenzi zinaishia siku ya harusi. Maharusi wanatoka, vigelegele vinapigwa, majina ya waigizaji yanaanza kupanda, basi. Mimi hapo ndipo hamu inaponipanda. Kesho yake ilikuwaje? Walipokosana mara ya kwanza, walikaa wakaongea au walinuniana wiki nzima? Mama mkwe alipokuja kukaa, nani alisema naye? Nimekuwa nikitafuta filamu za zamani zinazoanzia hapo, na nimeona nizilete kwenu: walio ndani ya ndoa, wanaojiandaa kuingia, na hata waliokwisha kutoka.

Kipimo changu ni kimoja. Filamu ya ndoa inapaswa kuniwezesha kumwelewa mume dakika hii, na dakika ijayo nimwelewe mke, mpaka nishindwe kusema nani ana kosa. Ikinipa mtu mmoja wa kumchukia tangu mwanzo hadi mwisho, naona imekwepa kazi.

Naanza na ninayoipenda kuliko zote: The Flavor of Green Tea over Rice, ya Japani, 1952, mwongozaji Yasujiro Ozu. Mokichi na Taeko waliozeshwa kwa kupangiwa, hawana mtoto, na wamefika mahali ambapo hawagombani kwa sababu hawana hata la kugombania. Mume ametoka shamba, anapenda vitu rahisi: sigara ya bei nafuu, behewa la daraja la tatu. Mke ametoka familia yenye uwezo na kila anachofanya mumewe kinamkera. Anamdanganya ili aende mapumzikoni na mashoga zake, na huko wanaposimama kulisha samaki bwawani anamwona mmoja mzito, mzembe, akampa jina la utani analomwita mumewe. Wenzake wanacheka. Ukiwa mtazamaji unacheka nao, halafu unajisikia vibaya, kwa sababu yule mume umeshamwona na ni mtu mwema.

Kisha mume anatumwa kikazi ghafla, Uruguay, safari ya ndege ya mbali kwelikweli kwa zama zile. Mke amesusa, amepanda treni bila kuaga, na kwenye kumsindikiza hayupo. Anarudi, nyumba tupu. Usiku huohuo mlango unafunguliwa: ndege ilipata hitilafu ikarudi, na mume ana njaa. Mtumishi amelala. Basi wawili hawa wanaingia jikoni kwao wenyewe kama wageni. Hawajui wali uko wapi, hawajui vyombo viko wapi, wanafungua kabati hili na lile, wananong'ona wasimwamshe mtumishi. Mwisho wanapata wali, wanaumiminia chai, wanakula. Ozu anaiacha kamera hapo kwa utulivu mkubwa, hana haraka yoyote. Hakuna anayemkumbatia mwenzake, hakuna muziki wa kukulazimisha ulie. Mimi sijaona filamu nyingine inayoonyesha watu wakipatana hivyo.

Ya pili ni Make Way for Tomorrow ya Marekani, 1937, ya Leo McCarey. Hiyo nitaieleza baadaye kidogo maana inahitaji nafasi yake.

#2

Uzi mzuri, mkuu, nimeweka kambi hapa. Ila hizo nyeusi na nyeupe za kimyakimya si kila mtu anaziweza. Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi umetuletea nini?

#3 – Mleta uzi

Mkuu, umegusa penyewe.

Abhimaan, 1973, mwongozaji Hrishikesh Mukherjee. Steringi ni Amitabh Bachchan, na mke ni Jaya Bhaduri, ambao walioana kweli mwaka huohuo. Subir ni mwimbaji maarufu. Anakwenda kijijini kwa shangazi yake, anasikia sauti ya binti akiimba, anampenda, anamwoa. Anaitwa Uma. Mpaka hapo ni filamu kama nyingine. Tofauti inaanza kwenye tafrija ya harusi: maharusi wanaimba pamoja mbele ya wageni, na mzee mmoja anayeujua muziki anasikiliza, kisha anatabiri taabu, kwa sababu ameshasikia kwamba mke amemzidi mume.

Angalieni jambo hili kwa makini: ni Subir mwenyewe anayemsukuma Uma aende kurekodi. Uma hataki umaarufu. Anaimba kwa kuwa mumewe amesema tuimbe pamoja. Halafu watayarishaji wanaanza kumfuata yeye, mashabiki wanataka saini yake, na mume anabaki amesimama pembeni na tabasamu lililoganda. Bachchan anaucheza wivu huo vizuri mno. Haanzi kwa makelele. Anaanza kwa kuchelewa kurudi na kujibu kwa mkato, na anatafuta sababu ya kutokuwepo siku muhimu. Mwanamume yeyote ambaye mkewe amempita cheo au kipato ataiona roho yake pale, na mwanamke yeyote aliyewahi kujipunguza ili mumewe asijisikie mdogo ataiona yake. Yanayofuata ni mazito, kuna mimba inayoharibika na kuna ukimya wa mke ambao unaumiza kuutazama. Muziki ni wa S. D. Burman na sauti ya Uma ni ya Lata Mangeshkar, kwa hiyo hoja kwamba mke anamzidi mume unaisikia kwa masikio yako, huhitaji kuambiwa.

Ukishaipenda hiyo, panda ngazi uende kwa Satyajit Ray: Charulata, 1964. Ni nyeusi na nyeupe, vumilia. Kalkuta ya karne ya 19, nyumba ya kitajiri. Bhupati anamiliki gazeti la siasa na akili yake yote iko huko. Mkewe Charu hana la kufanya. Dakika za mwanzo karibu hazina maneno: Charu anadarizi leso, anaacha, anachukua kitabu, anaacha, anachukua darubini ndogo na kukimbia dirisha hadi dirisha akitazama watu wanaopita barabarani. Kisha mumewe anapita kwenye ukumbi, amezama kwenye kitabu, anampita mkewe bila kumwona. Charu anainua ile darubini akamtazama mumewe mgongoni, kwa mbali, kama alivyowatazama wale wapita njia. Ndoa nzima umeelezwa hapo, na hakuna aliyefungua mdomo.

Kisha anakuja Amal, binamu wa mume, kijana mwenye mashairi mdomoni. Mengine mtaona wenyewe. Ila Bhupati si mume mbaya, na hilo ndilo linalouma. Anampenda mkewe. Ameamini tu kwamba mke atakuwepo siku zote, gazeti ndilo linaloweza kufa.

#4

Mleta uzi, mimi ni mwanamke na nimeolewa muda mrefu. Nasoma kwa furaha, lakini kipimo chako nakipinga. Eti filamu nzuri ni ile ambayo huwezi kusema nani ana kosa. Kuna ndoa ambazo mwenye kosa yupo, na anajulikana. Kuzifanya zote kuwa za pande mbili ni kumwonea aliyeumizwa.

Tazameni Gaslight, 1944, mwongozaji George Cukor. Ingrid Bergman ni mke, Charles Boyer ni mume. Mume anaficha vitu, kisha anamwambia mkewe kwamba ni yeye aliyevipoteza. Taa za gesi zinafifia usiku, mke anaona, mume anamwambia hakuna kitu, unaumwa akili. Anamtenga na watu, anamdhalilisha mbele ya watumishi, na anafanya yote kwa sauti ya upole. Yule mama anafika mahali haamini macho yake mwenyewe. Bergman alipata Oscar na alistahili. Sasa niambie, hapo nimwelewe mume kwa lipi?

Na ile ya Zimbabwe, Neria, 1993, ya Godwin Mawuru, hadithi yake imetokana na Tsitsi Dangarembga. Hiyo naiona ni filamu ya ndoa ingawa mume anafariki mapema. Neria na Patrick wamejenga maisha yao Harare kwa jasho la wote wawili. Patrick anakufa ajalini, na shemeji, Phineas, anakuja na neno mila mdomoni huku mkono ukibeba mali. Jesesi Mungoshi anacheza Neria kwa heshima ya ajabu. Ameumia, lakini hapotezi akili. Oliver Mtukudzi ametoa muziki, na humo ndani anaigiza pia kama kaka yake Neria. Mke na mume wanaotazama hii wazime televisheni kisha waulizane palepale: hati zetu zina majina ya nani?

#5 – Mleta uzi

Dada, nakubaliana nawe. Ukatili na dhuluma vina mwenye kosa, na filamu inayojifanya haimwoni inasema uongo. Kipimo changu kinahusu zile ndoa ambazo watu wawili wa kawaida wanaumizana bila yeyote kukusudia. Za kwako ni mlango mwingine na nafurahi umeufungua.

Kwa watakaoitafuta Gaslight, angalieni mwaka. Ipo ya Uingereza ya 1940, ya Thorold Dickinson, kutoka kwenye mchezo uleule wa jukwaani. Nayo ni nzuri, fupi na kali zaidi, lakini Bergman yumo kwenye ya 1944.

Ulipotaja ndugu wa mume umenikumbusha Leila, ya Iran, 1997, ya Dariush Mehrjui. Hii imekaa katikati ya hoja yako na yangu. Leila na Reza wameoana karibuni na wanapendana, wanacheka pamoja jikoni, wanataniana. Kisha inajulikana kwamba Leila hawezi kupata mtoto. Reza anasema wazi: mimi nilikuoa wewe, mtoto si sharti. Mama yake ndiye asiyekubali. Anampigia Leila simu, anambembeleza, anamlaumu, anamwambia akubali mwanawe aongeze mke. Na Leila anakubali. Kuna sehemu ambayo mume anakwenda kuonana na wachumba, mke anamsindikiza na kumsubiri. Akitoka, wanasimuliana na kucheka juu ya yule mchumba. Unacheka nao na moyo unakudunda, kwa sababu unajua wanachezea nini. Reza ana kosa gani? Kosa lake ni kusema hapana kwa sauti ndogo. Leila Hatami, aliyecheza mke, na Ali Mosaffa, aliyecheza mume, baadaye walioana kweli.

Huyo Leila Hatami ndiye pia mke kwenye A Separation ya Asghar Farhadi, 2011. Haijazeeka vya kutosha kuitwa ya zamani, lakini anayetaka kuendelea aende huko.

#6

Naomba msaada, wakuu. Tunafunga ndoa hivi karibuni. Nataka tutazame filamu moja au mbili pamoja na mchumba wangu, ila hizi mnazotaja zitamfanya abatilishe!

#7 – Mleta uzi

Hongera sana. Kwenu nyinyi nachagua The Awful Truth ya 1937, Cary Grant na Irene Dunne. Jerry na Lucy wanatuhumiana, wanakwenda mahakamani, wanapewa talaka itakayokamilika baada ya siku 90. Mahakamani wanagombania mbwa wao, na hakimu anaamua mbwa mwenyewe achague. Kuanzia hapo kila mmoja anajaribu maisha mapya na mwenzake anayaharibu kwa makusudi. Kama kweli kuna aliyechepuka, filamu haituambii mpaka mwisho, na nadhani hiyo ndiyo busara yake: inatuonyesha kwamba shaka ikishaingia, ushahidi hauiondoi. Kinachowarudisha ni kwamba hakuna mwingine anayeelewa mzaha wao. Mtu unayecheka naye mambo yaleyale si rahisi kumpata mwingine.

Ya pili, L'Atalante ya Ufaransa, 1934, ya Jean Vigo. Juliette anaolewa na Jean, nahodha wa jahazi la mizigo la mtoni, na siku ya harusi wanapanda moja kwa moja chomboni. Fungate yao wanaikalia humohumo, katikati ya paka, nguo za kufua na mzee Jules, baharia mwenye vitu vya ajabu chumbani kwake, aliyechezwa na Michel Simon. Binti anataka kuiona Paris. Mume ana wivu na ana kazi. Wanakosana, mke anashuka, mume anang'oa nanga kwa hasira. Awali Juliette alimwambia kwamba ukifungua macho ndani ya maji unauona uso wa umpendaye. Jean, akiwa amechanganyikiwa, anajitupa mtoni na kumtafuta huko chini. Tafuteni nakala iliyokarabatiwa, kwa maana wasambazaji waliikatakata na kuibadilisha jina ilipotoka. Vigo alifariki kwa kifua kikuu mwaka uleule, akiwa na miaka 29.

Sunrise pia ipo, ya F. W. Murnau, 1927. Ni filamu bubu na ni nzuri kwa macho kuliko karibu zote nilizotaja, hasa pale mume na mke wanapoingia kanisani mjini, wakute wengine wanafunga ndoa, na mume asikie viapo vile kwa masikio mapya. Janet Gaynor alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye Oscar za kwanza kabisa, kwa filamu hii na nyingine mbili kwa pamoja.

#8

Samahani, Sunrise nimeiona. Mume anapanga kumzamisha mkewe ziwani kwa sababu ya mchepuko wa mjini! Halafu mnampa mtu anayekwenda kufunga ndoa? Picha nzuri, sawa. Ila mke anamsamehe kwa siku moja tu. Hilo mimi halikunishuka.

#9 – Mleta uzi

Umesema haki, na anayeipendekeza lazima aseme hilo waziwazi. Ninavyoiona, Murnau hakuwapa hata majina, ni Mume na Mke tu, kwa hiyo naisoma kama ngano. Ila hofu ya mke imechukuliwa kwa ukweli mtupu. Baada ya kunusurika anakimbia, anadandia tramu, mume anadandia nyuma yake, na wanasafiri mpaka mjini bila kusemezana, mke amejikunja. Wanaingia mkahawani, anapewa keki, mkono unashindwa kuipeleka mdomoni. Msamaha ni wa haraka, lakini woga si wa haraka.

#10

Mnazunguka sana. Filamu ya ndoa ni moja: Scenes from a Marriage ya Ingmar Bergman, Swedeni, 1973. Ilianza kama vipindi sita vya televisheni, kisha ikafupishwa iwe ya sinema. Tafuteni vile vipindi sita, ile fupi imepoteza pumzi.

Liv Ullmann ni Marianne, mwanasheria wa mambo ya familia, kazi yake ni kuachanisha watu. Erland Josephson ni Johan. Mwanzo kabisa wanahojiwa na jarida kama ndoa ya mfano. Mwandishi anamwomba kila mmoja ajieleze. Mume anamwaga sifa zake bila haya. Mke anasema ameolewa na Johan, ana watoto wawili wa kike, kisha anakwama. Mtu mzima, mwanasheria, hana la tatu la kusema juu yake mwenyewe.

Halafu usiku mmoja mume anakuja kwenye nyumba yao ya mapumziko na kutangaza kwamba ana mwanamke mwingine, anaitwa Paula, na kesho anaondoka naye kwenda Paris. Mke hapigi kelele. Anamsaidia kupanga sanduku! Anamuuliza kuhusu nguo, kana kwamba anakwenda semina. Asubuhi akishaondoka, anampigia simu rafiki yake amwambie, na kutoka kwenye simu ile anagundua kwamba marafiki walikuwa wanajua. Hapo ndipo anapovunjika. Nimeitazama zaidi ya mara moja na sehemu hiyo ya simu inanikata vilevile.

#11 – Mleta uzi

Ahsante kwa kuileta, na umeieleza vizuri. Naongeza onyo: wanapokutana kutia saini karatasi za talaka, mume anampiga mke, na ni kipigo cha kutisha. Aliyewahi kupitia hayo asiitazame peke yake usiku. Na wale wanaofunga ndoa wiki ijayo waiache kwanza, ibaki ya mwaka wa tano au wa kumi. Ukiwa bado huna historia na mtu, yale mazungumzo utayaona marefu tu.

Bergman aliwarudia Johan na Marianne wakiwa wazee, kwenye Saraband, 2003, kwa waigizaji walewale. Si kila mwongozaji amepata nafasi hiyo ya kuwatazama watu wake baada ya miaka 30.

#12

Vijana, salaam. Mimi ni mstaafu, na naona mmesahau ndoa zetu. Kustaafu ni mtihani wa ndoa kuliko mwaka wa kwanza.

Dodsworth, 1936, ya William Wyler. Sam ameuza kiwanda chake cha magari na sasa anataka kusafiri na mkewe Fran, waone Ulaya. Miaka 20 walikuwa na kazi na mtoto katikati yao. Sasa hakuna kitu katikati, wanatazamana. Yeye anataka kuona majengo na kujifunza, mke anataka kubaki kijana. Fran anaogopa uzee kiasi kwamba habari ya kupata mjukuu inamjia kama msiba. Wengi wanamwona mke ni mbaya. Mimi namhurumia. Hakuna aliyemfundisha mwanamke yule jambo lolote la kufanya na maisha yake zaidi ya kupendeza, na sasa kupendeza kunamkimbia. Walter Huston naye amecheza mume bila kelele.

Na mleta uzi ulituahidi Make Way for Tomorrow. Tunangoja.

#13 – Mleta uzi

Shikamoo, mzee. Nimefurahi umeikumbusha.

Bark na Lucy Cooper wameoana miaka 50. Benki inachukua nyumba yao. Watoto wapo watano, wakubwa, wana makazi yao, na hakuna aliye tayari kuwachukua wote wawili. Basi baba anakwenda kwa binti mmoja, mama anakwenda kwa mtoto wa kiume. Wanatenganishwa uzeeni, na walioifanya kazi hiyo ni watu wa kawaida wenye visingizio ambavyo ukivisikia unaona vina mantiki.

Sehemu ninayotaka muione ni ya simu. Mama anakaa kwa mwanawe. Mkaza mwanawe anafundisha mchezo wa karata nyumbani, wageni wamejaa sebuleni, na bibi anawasumbua kwa kiti chake kinacholia kila anapojitikisa. Simu inalia, ni mzee. Bibi hajazoea simu, anaongea kwa sauti kubwa. Mwanzoni wageni wanakereka. Kisha wanasikia anachosema: kama anajifunika vizuri, kama anajitunza na baridi. Mmoja baada ya mwingine wanaacha karata. Sisi hatumsikii mzee hata neno moja. Tunaona migongo na nyuso za wageni wasiojua watazame wapi.

Na lingine: mtoto wa kiume anakuja kumwambia mama kwamba itabidi aende kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hajui aanzie wapi. Mama ameshajua. Anamtangulia na kusema kwamba yeye mwenyewe anataka kwenda huko, ili mwanawe asilazimike kulitamka. Beulah Bondi aliyecheza bibi huyo alikuwa bado hajafika miaka 50.

Sitasimulia siku yao ya mwisho New York, kwenye hoteli waliyofikia fungate yao. Studio ilitaka mwisho wa furaha, McCarey akakataa. Mwaka uleule alitoa The Awful Truth niliyoitaja juu, akapewa Oscar ya uongozaji kwa hiyo, na jukwaani akasema wamempa kwa filamu isiyo sahihi. Na kutoka kwenye filamu hii ya wazee ndipo lilipotoka wazo lililomsukuma Kogo Noda, mwandishi mwenza wa Ozu, walipoandika Tokyo Story ya 1953. Tazameni zote mbili, ila msizitazame siku moja.

#14

Afrika tumeishia Neria tu? Naongeza mbili upesi.

Xala ya Ousmane Sembène, Senegali, 1975, kutoka kwenye riwaya yake mwenyewe. El Hadji, mfanyabiashara mkubwa, anaoa mke wa tatu, na usiku wa harusi nguvu za kiume zinamwishia. Wengi wanaizungumzia kama filamu ya siasa, na ni kweli. Lakini mtazameni mke wa kwanza, Adja Awa Astou, anavyokaa kwenye harusi ya mumewe akiwa amenyooka, hatoi hata chozi. Na binti yao Rama anayemwambia baba ukweli kuhusu kuongeza wake, akalambwa kofi.

Nyingine ni Muna Moto ya Kameruni, ya Jean-Pierre Dikongué-Pipa, 1975, iliyoshinda tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika, mwaka 1976. Ngando na Ndomé wanapendana, kijana hana mahari. Anakwenda kwa amu yake kuomba msaada. Amu ana wake watatu na hana mtoto. Anamtaka yuleyule binti awe wa nne, na binti tayari ana mimba ya Ngando. Inaumiza sana, kwa sababu aliyemgeuka ni yule aliyekimbilia kwake.

#15

Mada ya michepuko mmeikwepa kiungwana. Ipo inayoisema bila kuishabikia?

#16 – Mleta uzi

Ipo. Brief Encounter ya Uingereza, 1945, ya David Lean. Laura ni mama wa nyumbani mwenye mume mwema na watoto wawili. Anakutana na daktari kwenye stesheni ya treni, anaingiwa na mchanga jichoni, yule daktari anamtoa. Wanaonana kila Alhamisi. Hakuna kinachokamilika, wote wana ndoa zao, lakini Laura ameshapotea moyoni. Anatusimulia yote akiwa amekaa sebuleni mbele ya mumewe anayejaza fumbo la maneno kwenye gazeti, na maungamo yote hayatoki mdomoni. Wengi wanaikumbuka kwa stesheni na kinanda cha mtunzi Rachmaninoff. Mimi naikumbuka kwa mume, Fred. Muda wote unamwona kama fanicha, kisha dakika ya mwisho anasema maneno mafupi yanayokufanya ujiulize alikuwa ameona kiasi gani.

Kwa mnaotaka ndoa iliyochoka isiyo na mchepuko, kuna Journey to Italy ya Roberto Rossellini, 1954, Ingrid Bergman na George Sanders. Waingereza wawili wanakwenda Napoli kuuza nyumba ya urithi, wakagundua kwamba wakiwa peke yao hawana la kuzungumza. Huko Pompeii wanashuhudia wachimbaji wakifukua umbo la watu wawili waliofunikwa na majivu ya volkano wakiwa pamoja. Mke hawezi kuendelea kutazama. Ni ya polepole, na kuna wanaosema mwisho wake umekuja ghafla mno. Mimi naukubali.

#17

Wale wa #6 hapa. Tumetazama The Awful Truth. Mwenzangu anataka nyingine ya kucheka kidogo lakini yenye akili.

#18 – Mleta uzi

Adam's Rib, 1949, Spencer Tracy na Katharine Hepburn. Mume ni mwendesha mashtaka, mke ni wakili wa utetezi, na wanakutana kwenye kesi moja: mwanamke aliyemfumania mumewe akampiga risasi. Mchana wanapambana mahakamani, jioni wanarudi nyumba moja, na kesi inawafuata mpaka mezani. Walioiandika, Ruth Gordon na Garson Kanin, walikuwa mke na mume.

Mkiimaliza hiyo, jaribuni Two for the Road, 1967, Audrey Hepburn na Albert Finney. Safari zao za gari huko Ufaransa kwa miaka mbalimbali zimechanganywa. Wakipishana na gari barabarani, huenda ndani yake ni wao wenyewe wa miaka ya nyuma, wakiwa hawana kitu na wanacheka. Msichanganyikiwe mwanzoni. Fuateni magari na nywele za Hepburn, mtajua mko mwaka gani.

Mwenye filamu za ndoa za Misri au Uturuki za miaka ya 1950 na 1960 azilete, aweke na jina la mwongozaji ili tusipotee kwenye kuzitafuta.